Mguu wa Mwalimu wa Breki

Alifundisha breki kwa mguu wake wa kulia. Vitabu vilikuwepo, vya Kifaransa na vya Kiingereza, na ubao ulikuwepo, lakini sisi tuliopita mikononi mwake katika kile chuo cha ufundi cha Kagarama, Kigali, tunajua kwamba somo lenyewe lilikaa ndani ya mguu ule. Aliuweka juu ya pedali, akafumba macho, akakueleza mambo ya magurudumu yote manne: hapa pana hewa, hapa pedi zimekwisha, hapa mtu amepaka grisi pasipopakwa. Ndiyo maana nikitaka kumsimulia siwezi kuanzia mahali pengine. Mguu ule ulikufa kabla yake. Mimi nilijua. Na kwa sababu ya mguu ule, na ya ulimi wake na wangu, msichana mmoja aliyekuwa na kipaji kuliko darasa zima alinyang'anywa ufundi wake. Nimeshazeeka, sina sababu ya kujificha.

Jina lake silitaji. Hata tulipokuwa naye hatukulitumia. Alikuwa Mwalimu, au kwa ndimi za vijana wa pale, Mwarimu. Alikulia Bujumbura na Kiswahili chake alikiokota katika magereji ya huko, chini ya malori, kikiwa na "weye" na "miye" na matusi yake yote. Mimi nilikulia Tanzania, upande wa Karagwe, nikasoma sekondari Bukoba, na yeye hakuacha kunichokoza kwa hilo.

"Mzee," aliniambia siku ya kwanza, "Kiswahili chako kimevaa tai. Kivue, tuingie chini ya gari."

Niliitwa Mzee na wote, na yeye pia, ingawa alinipita umri kwa kidogo sana. Nilikuwa nimeendesha magari ya tajiri mmoja wa Nyarutarama miaka yangu yote ya nguvu. Alipopata dereva kijana, nilirudi nyumbani na leseni yangu na hesabu ya makosa: mke niliyemwacha peke yake siku nyingi mno hadi akazoea, watoto waliojifunza kuishi bila mimi na hawakujisumbua kujifunza upya. Nikasema angalau nijue kilichokuwa chini ya miguu yangu muda wote ule. Nikajiandikisha chuoni, nikakaa benchi moja na vijana wa umri wa wajukuu.

Mwalimu alikuwa mtu wa misa ya kwanza. Alifika karakana akiwa na baraka za padri, na kabla ya saa mbili alikuwa ameshazitumia zote. Ukishika spana vibaya alikutukana kwa Kirundi. Ukirudia, kwa Kifaransa. Mara ya tatu aliinyang'anya, akafanya mwenyewe, akanyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa kubaya kuliko lugha zote mbili. Lakini saa ya chakula alikaa nasi. Aliagiza melanje kama yetu, maharage na viazi na ndizi vikirundikana sahani moja, na akimwona mwanafunzi aliyejifanya hana njaa, alimsukumia nusu yake huku akimgombeza. "Kula. Siwezi kumtukana mtu mwenye njaa, inanipa dhambi."

Mikono aliiosha kwa sabuni ya unga iliyochanganywa na mchanga, kisha aliinusa kama mtu anunuaye samaki. Alituambia tuvae viatu vilivyofungwa, tusivute sigara karibu na petroli. Yeye mwenyewe nilimkuta mara mbili nyuma ya stoo, sigara mdomoni, mguu mmoja juu ya dumu. Hakuaibika. "Ninayosema fanyeni," alisema. "Ninayofanya, ombeeni."

Hakuwahi kuwa na gari. Hakupenda hata kuendeshwa. Alikwenda kwa miguu toka nyumbani kwake chini ya kilima cha Rebero, asubuhi na jioni, mvua ikinyesha au isinyeshe. Wenye magari aliwadharau kidogo. Walipoleta magari yao chuoni ili sisi tujifunzie, wakajisifu yanavyokimbia, alisubiri wamalize. "Kukimbia hata mbuzi anakimbia," aliwaambia. "Mimi niambie linasimamaje." Na darasani alikuwa na msemo wake, akiupiga ubaoni kwa kifundo cha kidole: "Injini ikifa, utalala njiani. Breki zikifa, utalala kaburini."

Uongo aliuchukia kwa namna iliyotutisha. Mwanafunzi aliyevunja kitu na kusema alisamehewa; aliyeficha alifukuzwa darasani wiki nzima. Mwezi wa nne, siku zile ambazo karakana ilifungwa mapema na watu wakaenda kwenye mazungumzo ya kumbukumbu ya mauaji ya kimbari, alibaki kwanza akifuta spana moja moja kwa kitambaa. Hakuwahi kusema aliporudi nchini alikuwa akimtafuta nani, wala kama alimpata. Nilimsaidia kufuta jioni moja, naye akasema bila kuniangalia, "Aliyekufa hawezi kujibu. Kwa hiyo anayedanganya juu yake anaua mara ya pili." Nilikubali kwa kichwa. Siku hizo maneno yake niliyachukua kama maji ya baraka.

Lakini kilichomfanya ajulikane hata nje ya chuo ni jambo tuliloliita Kushuka. Hakuna gari lililofunguliwa breki zake pale lililorudi kwa mwenyewe kabla ya fundi wake, yaani mwanafunzi aliyezifunga, kukaa kiti cha mbele pembeni ya Mwalimu. Walipanda Rebero hadi juu. Juu kule aligeuza, akaweka gia huru, akaliachia gari lishuke lenyewe, na mguu wake ukaanza kusoma. "Aliyefunga, apande," ndiyo ilikuwa sheria. Kama breki zako ni mbovu, utakuwa wa kwanza kujua. Vijana walirudi kutoka kule wamekauka midomo, na hakuna hata mmoja aliyesahau tena kukaza bolti.

Claudine peke yake ndiye aliyekuwa akishuka huku akicheka.

Alikuwa na miaka ishirini na kitu, mama wa mtoto mmoja, mkazi wa papo hapo Kagarama. Ulimi wake ulikuwa mkali kama tupa. Mimi aliniambia nilizaliwa kabla ya gia kubuniwa. Tulipokuwa tukitoa hewa kwenye mabomba ya breki, mmoja juu anakanyaga pedali na mwingine chini anafungua skrubu, kila mtu alitaka awe naye, kwa sababu hakuachia tone lipotee. "Kanyaga! Shikilia! Nimesema shikilia, Mzee, si uibembeleze!" Mwalimu alisimama pembeni akisikiliza, na mara moja tu nilimwona akitabasamu. Alimpatia nafasi ya mazoezi katika gereji moja kubwa ya Gikondo, ambako hawakuwahi kumchukua msichana. Alikwenda mwenyewe kuwaomba. Claudine alihitaji kumaliza mwaka tu, aingie.

Sasa niseme juu ya nati.

Asubuhi moja ilipotea nati ndogo ya gurudumu la nyuma. Mwalimu alitugeuza karakana juu chini. Tulifagia, tukapekua mifuko, tukainua hata mapipa ya oili. Alituita wezi, akatuita wauaji. Jioni, alipokaa kubadili viatu arudi nyumbani, akavua cha kulia na nati ikaanguka sakafuni, ikaviringika hadi kwenye kiatu cha Claudine.

"Yewe, Mwarimu!" alipiga kelele. "Kumbe mwizi ni kiatu chako!"

Tulicheka hadi tukashika meza. Yeye pia alicheka. Nami nilikuwa bado ninacheka nilipoiona soksi yake. Ilikuwa na damu kutoka kidole gumba hadi kisigino. Alikuwa ametembea juu ya nati ile tangu asubuhi.

Baada ya hapo nikaanza kumtazama. Mtu aliyeendesha gari maisha yake yote haangalii miguu. Mguu unajua nyumbani kwake. Mwalimu, kabla ya kukanyaga pedali, aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayetafuta ngazi gizani. Nilimfuata nyuma ya stoo.

"Mwalimu, mguu."

"Umefanya nini?"

"Unautazama."

Alivuta sigara hadi mwisho. "Sukari," alisema. "Daktari anasema ni sukari. Inakula mishipa polepole. Kuna siku unarudi, kuna siku haupo."

"Usiendeshe Kushuka tena. Waachie wengine."

"Nani? Yule mwalimu wa umeme? Anaogopa hata baiskeli." Kisha akaacha mzaha. "Mzee, weye na miye tunaelewana. Wakijua, wataniweka stoo nigawe mafagio. Mwaka huu nastaafu. Niache nimalize nikiwa mwalimu wa breki."

Nilifikiri nilivyotolewa mimi Nyarutarama, funguo zikichukuliwa mkononi mwangu mlangoni, mbele ya mlinzi. Nikakubali. Niliweka sharti moja: kila Kushuka, nami niwepo kiti cha nyuma. Alicheka akakubali. Mpaka leo sijui nilidhani kukaa kwangu nyuma kungesaidia nini. Labda nilijiona mimi ndiye breki.

Zamu ya mwisho ya mwaka ilikuwa ya Claudine, na gari lilikuwa pikapu ya chuo, ya milango minne. Alikuwa amezifunga breki zote peke yake. Mwalimu alizikagua zikiwa zimesimama, akasema hana la kuongeza. Tukapanda Rebero sisi watatu, wao mbele, mimi nyuma katikati, nimeinama kati ya viti viwili kama nilivyozoea, macho kwenye mguu.

Mara mbili za kwanza gari lilisimama kama limeota mizizi. "Sawa," Mwalimu alisema. "Sasa kwa gia, kama mwenyewe atakavyoendesha." Akawasha, akaingiza gia, tukashuka. Kwenye kona kulikuwa na mama aliyebeba beseni la parachichi akivuka. Mwalimu alikanyaga. Niliuona mguu. Ulikwenda, ukatua ukingoni mwa pedali ya breki, ukateleza, ukaingia kwenye ya mafuta na kukwama pale, naye akazidi kukandamiza kwa sababu alijua anakandamiza breki. Injini ilinguruma. Gari lililokosa breki hushuka kimya; lile lilinguruma. Nilipiga kelele "Mguu!" lakini mguu haukuwa na masikio. Claudine alivuta breki ya mkono kwa mikono yote miwili. Pikapu ikazunguka, ikamkosa yule mama, ikaingia kwenye mtaro wa mawe.

Claudine alivunjika mfupa wa bega. Mimi nilipasuka kichwa. Mwalimu alikaa nyuma ya usukani bila hata mkwaruzo, akitazama chini kati ya magoti yake.

Watu walifika, wakauliza kumetokea nini. Naye, mtu aliyekuwa akifukuza wanafunzi kwa sababu ya uongo, akasema, "Breki zimekataa."

Mawe ya mtaro yalikuwa yamekata bomba la mafuta ya breki, kwa hiyo gari lilipovutwa hadi chuoni, pedali ilikwenda chini kama mtu anakanyaga uji. Aliyetaka ushahidi aliupata hapo. Claudine alikuja mbele ya mkurugenzi, mkono umefungwa shingoni, darasa zima likiwa limeitwa lisikilize ili wengine wajifunze. Hakulia.

"Bomba limekatika mtaroni," alisema. "Kama lingekatika juu, mafuta yangemwagika barabarani. Nendeni mkaangalie barabara."

"Usiku imenyesha," mkurugenzi alimjibu.

"Basi muulizeni Mwarimu injini ilikuwa inasema nini."

Mwalimu alitazama dirishani. Mkurugenzi akanigeukia mimi. "Mzee, wewe ni dereva wa siku nyingi na ulikuwa ndani. Uliona nini?"

Niliona kila kitu. Na muda ule nilipiga hesabu ya mtu mwoga: Claudine ni kijana, ana bega litakalopona na maisha mbele, Mwalimu amebakiwa na miezi michache na heshima yake. Kijana ataanza upya. Mzee hawezi.

"Niliona amekanyaga na gari halikusimama," nilisema.

Hakuna neno la uongo katika sentensi ile. Ndivyo nilivyojifariji kwa muda mrefu. Claudine aligeuka akaniangalia, si kwa hasira, bali kwa namna anavyoangaliwa fundi aliyefunga kitu kinyume. Wakamwondoa chuoni siku ile. Gereji ya Gikondo ikapata habari kabla hajafika kwao kujieleza: msichana ambaye breki zake nusura ziue watu. Kigali ina vilima vingi, lakini kwa mafundi ni kijiji.

Mwalimu alistaafu kwa sherehe. Tulimpa saa ya ukutani. Mimi nilipata cheti na sikufungua gereji. Haukupita mwaka, kidole kilichochomwa na nati kilioza, madaktari wakakata kidole, kisha unyayo, kisha mguu chini ya goti. Watu walisema ni sukari ya uzeeni, na hakuna aliyeuliza ilianza lini.

Kiangazi kilichopita mkewe alinipigia simu. Alisema, "Anakutaka. Na anasema uje na yule binti."

Claudine nilimpata mahali wanapoosha magari, buti za mpira miguuni, mpira wa maji mkononi. Alikuwa amenenepa kidogo. Nilimweleza. Alimalizia kwanza tairi alilokuwa akilisugua.

"Anataka nini? Nimuoshe?"

"Nadhani anataka kusema."

"Na wewe, Mzee, unataka nini?"

Alizima maji. "Jumamosi," alisema. "Baada ya umuganda. Kabla ya hapo siwezi."

Tulimkuta amekaa sebuleni, blanketi magotini, ndevu hazijanyolewa. Amekuwa mdogo. Mikono tu ndiyo ilibaki ile ile, imetulia juu ya blanketi, safi. Mkewe alitukaribisha viti, akatoka. Mwalimu hakuzunguka.

"Claudine. Breki zako zilishika. Mguu wangu ndio haukushika."

"Najua, Mwarimu. Nilijua tukiwa bado mtaroni."

"Nisamehe."

Nje kulikuwa na sauti za majirani wakirudi kutoka umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, majembe yakigongana, mtu akicheka.

"Kwa hiyo umeniita uniambie kitu ninachokijua," Claudine alisema hatimaye. Sauti yake haikupanda. "Mimi sikufukuziwa sebuleni. Nilifukuzwa mbele ya watu."

"Mkurugenzi amehama. Wenzako wametawanyika. Niwaambie watu gani sasa?"

Claudine aliinuka, akafungua mlango wa mbele wazi kabisa, akasimama kizingitini. "Jamani, majirani! Ingieni kidogo!"

Walisogea na majembe yao na udongo miguuni. Bibi mmoja alishika mdomo. "Yewe, Mwarimu amekufa?"

"Hapana, mama. Ana neno."

Wakajaa sebule, wengine wakabaki dirishani. Walimfahamu kwa miaka mingi kama mwalimu wa breki. Watoto wa baadhi yao alikuwa amewafundisha. Mwalimu aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akavuta blanketi, wakaona pale mguu ulipoishia, na akaanza. Alisema kwa Kinyarwanda, polepole, bila kujitetea: kwamba mguu ulikuwa umekufa naye akijua, kwamba alikanyaga pedali isiyo yake, kwamba alimsingizia huyu msichana, na kwamba breki za huyu msichana zilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kukanyaga. Mtu alimuuliza kwa nini. Akasema, "Niliogopa kuitwa mtu aliyekwisha."

Claudine alisimama kando ya mlango, mikono imekunjwa kifuani.

Ndipo mwanamume mmoja mwenye jembe begani akauliza, kwa upole tu, kama anayetaka kuelewa: "Ndani ya gari mlikuwa nani na nani?"

Mwalimu alitazama mikono yake. Claudine naye alitazama sakafu. Walikuwa wameniachia wote wawili, na ningeweza kubaki nimekaa pale kama mgeni aliyekuja kumjulia mgonjwa hali.

Nilivua kofia, nikasimama.